Nalipia Pumzi

Tezi waliitoa Mombasa, mwezi wa Rajabu,
na sauti ikaifuata, kama uzi
ufuatavyo sindano bila kuitwa.
Daktari alisema itarudi. Haijarudi.
Imebaki mikwaruzo,
kama mtu asuguaye sufuria nyumba ya pili.

Nashona kofia, za vito na za bulibuli,
hapa Langoni, chumba cha juu.
Tangu mwaka juzi napiga video:
namna ya kutoboa tundu bila kurarua kitambaa,
namna ya kuhesabu tundu mia na usipotee.
Watu wa Muskati huagiza. Watu wa Thika huuliza tu.
Sasa mikono ipo, msemaji hayupo.

Basi Shekuwe, mtoto wa ndugu yangu,
akaja na kompyuta na orodha ya wasemaji.
"Chagua, shangazi. Ni kama kuchagua kitambaa."
Si kama kitambaa. Kitambaa hukikunja, hukinusa.

Wa kwanza ana sauti ya kutangaza ndege imechelewa.
Wa pili anafurahi mno; alisoma "kitambaa kimeraruka"
kama anayealika watu arusini.
Wa tatu alifika kwenye "uzi unaong'aa",
akajikwaa kwenye ritifaa, akaanguka,
akaendelea kana kwamba hakuna aliyemuona.
Wa nne aliiona bei, shilingi elfu mbili mia tano,
akaisoma Kizungu, ghafla,
kama mwanafunzi aliyemuona mwalimu mkuu dirishani.

Tukajaribu Kiamu.
Niliandika: Ndooni mutezame kwa mato yenu.
Mashine ikapiga mstari mwekundu chini ya mato,
ndoo ikaiacha, inaijua,
na Shekuwe akacheka hata akajishika mbavu:
"Watu wa bara watakuja na ndoo, shangazi,
wakidhani una kisima."

Halafu kuna hesabu.
Hutoza kwa herufi. Elfu kumi za mwezi ni bure,
zaidi ya hapo ni dola.
Sikujua kabla ya hapo kwamba nasema kwa vipande.
Salamu yangu, pamoja na rehema na baraka zake,
niliihesabu kwa kalamu: arubaini na tatu.
"Kata," akasema Shekuwe. "Anza na kazi."
Nikate salamu? Nimuingilie mtu nyumbani kwake
kwa sababu hodi ina herufi nne?
Sikukata. Nilikata maelezo ya mkasi.
Mkasi kila mtu anaujua.

Nikamchukua wa tano. Hana jina, ana namba.
Si mzuri. Mpole tu, hana haraka,
na nikikosea tahajia kwa makusudi hutamka sawa.
Naandika vibaya ili asome vizuri;
mwalimu wangu wa darasa la nne angenichapa.

Kasoro yake ni moja: havuti pumzi.
Sentensi ndefu huipita yote, mtu asiye na mapafu,
nami nimekaa hapa koo likinibana kwa niaba yake.
Kwa hiyo natia mkato. Chukua sindano, mkato,
ivute taratibu, mkato,
usiukaze uzi.
Mkato mmoja ni herufi moja.
Nalipia pumzi.

Jana mama alikuwa amelala chumba cha pili,
haoni siku hizi, akasikia.
Akauliza mgeni ni nani.
Nikafungua kinywa: mikwaruzo.
Basi nikaandika, herufi ishirini na tisa kwa nukta zake,
nikabonyeza, na wa tano akamwambia mama yangu:
Ni mimi, mama. Ni Somoe wako.

Mama akanyamaza kitambo.
"Somoe hasemi hivyo," akasema.
"Lakini mwambieni aketi. Ana adabu."

Nikaenda nikampa mkono.
Akakipapasa kidole changu cha sindano, penye sugu,
akakishika hapo hapo,
akaniambia nimtilie mgeni kahawa.